Chupa za Kale na Mashimo ya Vyoo: Somo la Kufukia na Kufukua

Utangulizi

Ndugu msomaji, muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa somo la tafsiri aya fupi kuhusu watu wa Marekani ambao hutafuta chupa za kale katika mashimo ya vyoo vya zamani. Karibu nusu ya darasa waliwaita watu hao "wachimba vyoo". Nilipoisoma tafsiri hiyo kwa sauti darasa zima liliangua kicheko, kwani hapa kwetu Uganda mchimba choo ni fundi anayejulikana. Unamwita nyumbani, mnapatana bei kwa kila futi, naye anashuka na sururu na koleo kukuchimbia shimo jipya.

Mwanafunzi mmoja aliandika "wafukuaji wa choo". Nilikuwa nasahihisha kwa haraka, nikampa sifuri. Kesho yake alinifuata ofisini akiwa ameshika karatasi yake. "Samahani mwalimu," alisema, "naomba unieleze nimekosea wapi. Aliyelichimba shimo ni mtu mwingine, tena alishakufa. Hawa wanalifukua." Nilitafakari kidogo, nikaona kwamba aliyekosea ni mimi. Nilimrudishia alama zake, nikamwahidi kwamba jambo hili nitaliandikia jarida letu.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza kazi yenyewe: kwa nini chupa zimo vyooni, zinatafutwaje, zinasomwaje, na kwa nini wataalamu wa akiolojia hugombana na wanaozitafuta. Pili, yanaonyesha jinsi mwalimu wa Kiswahili anavyoweza kulitumia jambo hili darasani, hasa katika kufundisha kauli ya kutendua na uteuzi wa msamiati.

Kwa nini chupa ziwe chooni?

Katika karne ya 19 nyumba nyingi za mijini nchini Marekani hazikuwa na mabomba ya maji machafu. Nyuma ya nyumba, aghalabu mwishoni mwa kiwanja, palikuwa na kibanda cha choo juu ya shimo. Kuta za shimo zilijengwa kwa matofali, mawe au mbao ili zisiporomoke. Katika miji mingi hapakuwa na gari la kuzoa taka kila wiki, kwa hiyo shimo la choo lilikuwa pia jalala la nyumba. Sahani ikivunjika ilitupwa humo, na chupa ya dawa ikiisha ilifuata njia hiyohiyo.

Vitu vingine vilianguka kwa bahati mbaya: vifungo, sarafu, viko vya tumbaku, vichwa vya wanasesere. Vingine vilitupwa kwa siri. Mtu aliyekuwa akinywa pombe bila mkewe au mumewe kujua hakupata mahali pazuri pa kuificha chupa tupu kuliko pale ambapo hakuna atakayeingiza mkono. Hapa ndipo methali yetu inaposadifu: siri ya mtungi aijuaye kata.

Mji ulipoleta mabomba, choo cha nyuma kilifungwa. Wenye nyumba walilifukia shimo kwa majivu, vipande vya matofali na taka zozote zilizokuwapo. Ndiyo maana shimo moja huwa na matabaka. La chini ni la wakati choo kilipotumika, nalo lina udongo mweusi wenye mbegu za matunda, na pengine chokaa iliyomwagwa kupunguza harufu. La juu ni la wakati wa kufukia. Baada ya miaka zaidi ya mia moja, kinyesi chenyewe kimekwisha kugeuka udongo, na kwa kawaida hakinuki.

Jinsi shimo linavyotafutwa

Mfukuaji mwenye uzoefu huanza kwenye karatasi kabla ya kushika koleo. Husoma ramani za zamani, hasa zile za kampuni ya Sanborn, ambayo tangu mwaka 1867 ilichora miji ya Marekani kwa ajili ya makampuni ya bima ya moto. Ramani hizo huonyesha nyumba, aina ya vifaa vya ujenzi, na mara nyingi vibanda vya nyuma. Kutokana nazo mfukuaji anakisia kiwanja kilikuwa na watu tangu lini na choo kingekuwa upande gani.

Halafu humwendea mwenye kiwanja kuomba ruhusa. Akikubaliwa, huchukua fimbo nyembamba ya chuma yenye kishikio cha kupingana, akaichomeka ardhini hapa na pale. Udongo ambao haujaguswa ni mgumu na hukataa fimbo. Udongo wa shimo lililofukiwa ni laini, na fimbo huzama. Ikitoka na majivu kwenye ncha, au mkono ukihisi mkwaruzo wa kioo na matofali, mfukuaji anajua amefika.

Kina cha shimo hutofautiana. Yako mashimo ya mita moja au mbili, na katika miji kama Philadelphia yako yenye zaidi ya mita 6. Udongo unaotolewa hulundikwa juu ya turubai ili usiharibu bustani, na kazi ikiisha hurudishwa wote. Chupa hugawanywa baina ya wafukuaji na mwenye kiwanja kwa mujibu wa makubaliano. Mara nyingine hawapati kitu, kwa sababu zamani walikuwapo vibarua wa usiku walioajiriwa kuyazoa mashimo, na shimo lililozolewa vizuri halina hazina.

Kuisoma chupa

Mwalimu mwenzangu, ukitaka somo jepesi la msamiati, leta chupa tupu ya soda darasani. Wanafunzi watagundua kwamba Kiswahili kimeipa chupa mwili wa binadamu: ina mdomo, shingo, mabega, tumbo na kitako. Viungo hivyo ndivyo mfukuaji anavyovitazama ili kujua umri wa chupa.

Aanze na kitako. Kikiwa na kovu la kukwaruza katikati, maana yake chupa ilipokuwa ya moto ilishikwa kwa fimbo ya chuma wakati fundi akimalizia mdomo, na fimbo ilipovunjwa iliacha alama. Chupa za Marekani zenye kovu la namna hiyo kwa kawaida ni za kabla ya miaka ya 1870.

Afuate mshono. Chupa iliyopuliziwa ndani ya kalibu huwa na mstari ubavuni, pale pande mbili za kalibu zilipokutana. Mstari huo ukiishia shingoni kabla ya kufika mdomoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipanda hadi juu kabisa, hiyo ni kazi ya mashine. Michael Owens, wa mji wa Toledo katika jimbo la Ohio, alipata hataza ya mashine ya kutengeneza chupa mwaka 1904, na katika miaka iliyofuata wapulizaji wa chupa kwa kinywa walizidi kupungua.

Mdomo nao una habari zake. Kizibo cha bati chenye meno, kile tunachokijua kwenye soda na bia, kilipewa hataza mwaka 1892. Aliyekibuni ni William Painter wa Baltimore. Kule Uingereza, Hiram Codd alibuni katika miaka ya 1870 chupa yenye gololi shingoni, na gesi ya kinywaji ndiyo iliyoisukuma gololi kuziba mdomo. Watoto walizivunja chupa hizo ili wapate gololi za kuchezea, ndiyo sababu nzima ni chache.

Rangi vilevile husaidia. Kioo cheupe ambacho kimegeuka zambarau kwa jua kina madini ya manganizi, yaliyotumiwa sana tangu miaka ya 1880 hadi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Maandishi yanayopotosha

Hapa ndipo kazi hii inapotuhusu zaidi sisi watu wa lugha. Chupa nyingi zina maandishi yaliyofinyangwa katika kioo, na msomaji asiye mwangalifu huyaamini moja kwa moja.

Mfano maarufu ni mitungi ya kioo ya kuhifadhia matunda, iliyoandikwa tarehe 30 Novemba 1858. Wengi wakiipata hushangilia kwamba wamepata mtungi wa mwaka huo. Kumbe hiyo ni tarehe ambayo John Landis Mason alipewa hataza ya mdomo wenye hesi. Viwanda viliendelea kuiandika kwa miongo mingi baadaye. Maandishi ni ya kweli, ila hayasemi kile ambacho msomaji anadhani yanasema.

Mfano wa pili ni wa dawa. Karne ya 19 ilikuwa na dawa za chupa zilizotangazwa kuwa zinaponya kila ugonjwa. Hostetter's Stomach Bitters, iliyouzwa kama dawa ya tumbo, ilikuwa na pombe kali. Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ya kuwatuliza watoto wanaoota meno, ilikuwa na mofini, na mama aliyeinunua hakuambiwa. Mwaka 1906 Marekani ilipitisha sheria iliyolazimisha dawa zenye vitu kama pombe, mofini, afyuni na kokeni zivitaje kwenye karatasi ya chupa. Mwaka 1912 sheria hiyo iliongezwa makali dhidi ya madai ya uwongo ya kuponya.

Athari ya sheria inaonekana kwenye kioo chenyewe. Kampuni ya Warner ya Rochester iliyouza Warner's Safe Cure ilibadili jina likawa Warner's Safe Remedy. Neno la kwanza lina ahadi ya kuponya kabisa, la pili linasema tu kwamba hii ni dawa. Kimiminika kilikuwa kilekile cha ukoo mmoja, bali neno lilishushwa cheo. Waulize wanafunzi wako tofauti ya "inaponya", "inatibu" na "inatuliza", kisha wawaze matangazo ya dawa wanayoyasikia redioni na kuyaona kwenye nguzo za umeme. Mjadala hautakosa moto.

Hatari na sheria

Methali inasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Ukuta wa shimo unaweza kuporomoka bila kutoa dalili, na mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi. Aliyefukiwa hadi kifuani hawezi kupumua hata kama kichwa kiko nje. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka shimo lenye kina cha futi 5 na zaidi liwekewe kinga dhidi ya kuporomoka, isipokuwa likiwa ndani ya mwamba imara. Wafukuaji wa mwisho wa wiki hawana mwajiri wa kuwasimamia, na wengi huingia bila kinga yoyote.

Kuhusu sheria, Marekani hutofautisha ardhi ya mtu binafsi na ardhi ya umma. Kwenye kiwanja cha mtu, ruhusa ya mwenyewe ndiyo msingi. Kwenye ardhi ya serikali kuu na ya Wahindi Wekundu, sheria ya mwaka 1979 inakataza kufukua vitu vya kale vyenye umri wa miaka 100 na zaidi bila kibali.

Mvutano kati ya wakusanyaji na wataalamu

Wakusanyaji wana hoja yao, nayo si ya kupuuzwa. Wanasema miji inajengwa kila siku. Tingatinga likifika halitazami chupa, na wataalamu wa akiolojia hawatoshi kufika kwenye kila kiwanja. Chupa iliyookolewa ni bora kuliko chupa iliyosagwa chini ya zege.

Wataalamu hujibu kwamba chupa pekee haisemi mengi. Kinachosema ni mahali ilipokuwa: katika tabaka lipi, pamoja na mifupa gani, mbegu gani, vyombo gani, na nyuma ya nyumba ya nani. Mfukuaji anayeruka matabaka ili aifikie chupa ya bei kubwa huwa amechana kurasa za kitabu apate picha moja.

Kisa cha Five Points huko New York kinatusaidia kupima hoja hizo. Mtaa huo ulijaa wahamiaji, wengi wao Waayalandi, na magazeti ya karne ya 19 uliuchora kama pango la uchafu na uhalifu. Charles Dickens aliutembelea mwaka 1842, naye hakuandika jema juu yake. Mwaka 1991, kabla ya kujengwa mahakama mpya mahali hapo, wataalamu walifukua mashimo ya vyoo na visima vya nyuma ya nyumba. Walipata vitu vipatavyo 850,000. Miongoni mwake vilikuwamo vyombo vya chai vyenye nakshi na zana za ushonaji. Taka za watu hao zilionyesha familia zilizofanya kazi na kuipamba meza kwa kadiri ya uwezo wao. Wao wenyewe waliacha maandishi machache mno. Walioandika juu yao walikuwa wageni wao.

Vitu hivyo vilihifadhiwa katika chumba cha chini cha jengo nambari 6 la World Trade Center. Tarehe 11 Septemba 2001 jengo hilo liliharibiwa katika mashambulizi ya siku hiyo, na mkusanyo ukateketea. Vilisalimika vitu 18 tu, kwa kuwa vilikuwa vimeazimwa kwa maonyesho.

Hata hivyo, bado tunaweza kuandika leo juu ya meza za Five Points. Sababu ni kwamba kila kitu kilikuwa kimeandikwa: tabaka, shimo, kiwanja, idadi, picha. Vitu vilikwenda, maelezo yakabaki. Kabati la mkusanyaji asiyeandika lina hali ya kinyume: vitu vipo vinang'aa, maelezo hayapo, na mwenye kabati akifariki hakuna ajuaye chupa ipi ilitoka wapi.

Taka na historia ya kwetu

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya Marekani peke yake. Hapa Uganda, katika eneo la Ntusi, wilaya ya Sembabule, vipo vilima viwili maarufu ambavyo vimetokana na taka: samadi ya ng'ombe, mifupa na vigae vya vyungu vilivyolundikana tangu zaidi ya miaka 500 iliyopita. Wenyeji hukiita kimoja cha kiume na kingine cha kike. Yanayojulikana juu ya ufugaji na kilimo cha watu wa kale wa Ntusi yametoka kwa kiasi kikubwa humo jaani.

Pwani ya Kenya, katika magofu ya Gede, James Kirkman alifanya uchimbuzi kati ya mwaka 1948 na 1958. Nyumba zake za mawe zilikuwa na vyoo vya ndani, na majina ya wenyewe yalikuwa yamepotea. Kirkman aliziita kwa vitu alivyovikuta humo. Ndiyo maana hadi leo mgeni huonyeshwa Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Bakuli la Kaure. Mtu na jina lake wamesahauliwa, mkasi wake ukachukua nafasi.

Funzo la sarufi

Sasa turudi kwa mwanafunzi wangu. Kauli ya kutendua huonyesha kuondolewa kwa hali iliyoletwa na kitenzi cha awali: funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, kunja huzaa kunjua, tega huzaa tegua. Fukia na fukua wamo katika kundi hili. Aliyefukia alijaza shimo, anayefukua analirudisha wazi. Kwa hiyo "wafukuaji" ni teuzi sahihi kuliko "wachimbaji".

Hata hivyo mwalimu awe mwangalifu, kwa kuwa si kila kitenzi kinachoishia na -ua kinatendua. Chimba na chimbua havipingani. Chimbua huongeza maana ya kutoa nje kile kilichomo, na humo ndimo linamotoka neno chimbuko.

Lilibaki neno "choo". Neno hili hutaja mahali na hutaja pia kinyesi, kama tunaposema mgonjwa amepata choo. Ukiandika "wafukuaji wa choo" msomaji anaweza kuelewa visivyo. Pwani wapo wasemao msala, lakini msomaji wa bara huenda akafikiria mkeka wa kuswalia. Baada ya mjadala, darasa lilikubaliana juu ya "wafukuaji wa mashimo ya vyoo vya kale". Ni refu, ila halidanganyi.

Jambo moja la mwisho tulilizungumza siku hiyo. Katika sarufi tunaweza kufunga na kufungua tena na tena. Shimo la kale halina uwezo huo. Ukishalifukua unaweza kulifukia upya, lakini matabaka hayarudi yalivyokuwa. Aliyelisoma mara ya kwanza ndiye msomaji wake wa mwisho, na asipoandika alichokiona, hakuna mwingine atakayekiona.

Hitimisho

Kufukua chupa ni burudani kwa wengine, biashara kwa wengine, na kwa wataalamu ni njia ya kuwafikia watu ambao vitabu viliwasahau au viliwasingizia. Lugha ina kazi katika yote matatu: kusoma maandishi ya chupa bila kudanganyika, kutaja kitendo kwa kitenzi chake, na kuandika kilichoonekana kabla hakijapotea.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Taja vitenzi vitano vyenye kauli ya kutendua, na vitatu viishiavyo na -ua ambavyo havitendui. Tunga sentensi kwa kila kimoja.

2. Chagua chombo kimoja cha nyumbani (chungu, birika, mtungi) na uorodheshe sehemu zake zinazoitwa kwa majina ya viungo vya mwili. Linganisha na lugha yako ya kwanza.

3. Andika karatasi ya chupa ya dawa ya kikohozi mara mbili: kwanza kama mfanyabiashara wa mwaka 1890 asiyebanwa na sheria, kisha kama mfamasia wa leo. Eleza ni maneno gani umelazimika kuyabadili, na kwa nini.

4. Waulize wazee wa kwenu taka zilitupwa wapi walipokuwa watoto, na mahali hapo paliitwaje. Leta majina hayo idarani. Tutayachapisha katika toleo lijalo, kila jina pamoja na mahali lilikopatikana.